Jiko la mtaa baada ya Ramadhani: jibu kwa kina mama wa Langoni

Swali: "Shikamoo Bi. Sisi ni wanawake 11 wa Langoni, Lamu. Ramadhani iliyopita tulipika futari kila siku katika ua wa nyumba ya bibi yangu, tukalisha watu kama 40. Kati yao 13 hawatoki nyumbani: watu wazima sana, wagonjwa wa kiharusi, na mama mmoja aliyekatwa mguu. Idi ilipopita tukasimama, na sasa wanatuulizia. Tunataka tupike mwaka mzima, lakini mume wangu anasema jiko litatushinda, ni bora tuwagawie unga na pesa. Tuanzie wapi, na tupike nini kisiwadhuru?"

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya lishe hospitalini na mitaani hapa pwani kwa miaka 26, na sita kati ya hiyo nilikuwa na wenzangu tukiendesha jiko kama hilo lenu. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na nitakueleza na tulipokosea.

Mume wako hakukosea, ila amejibu nusu ya swali. Katika hao 40 mna watu wa namna mbili, na mkiwachanganya jiko litawashinda kweli. Yuko mwenye njaa kwa sababu mkononi hana kitu: kusi imevuma, mashua imekaa juu, au mume amefariki akamwachia watoto wanne. Ana mafiga, ana sufuria, ana nguvu zake. Huyo mpeni pesa, au unga na mafuta, apike anachokijua yeye, ale na wanawe mlango umefungwa. Kumtaka aje na bakuli mbele ya watu kila siku ni kumvunjia sitara bila sababu.

Halafu yuko mwenye njaa na pesa anazo. Ametimiza miaka 70, anapokea zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali, mwanawe aliye Mombasa humtumia nyingine kwa simu, na mchele umo ndani. Lakini anakaa juu, ngazi za mawe zimesimama wima kama unavyozijua nyumba zetu, magoti hayashuki na mkono wa kulia umepooza. Ukimpa unga umemwongezea mzigo. Atakula mkate na chai siku tatu mfululizo, na ukimuuliza atakwambia amekula, alhamdulillahi. Watu wa namna hii ndio wanaohitaji chakula kilichopikwa, na ndio hao 13 wenu. Jiko ni lao. Wale 27 waliobaki wapitieni mmoja mmoja, wengi wao mtakuta shida yao inatatulika kwa njia ya mume wako.

Sasa siku. Mlipika siku 30 mfululizo kwa sababu Ramadhani ina baraka zake: mtaa mzima unachangia, na kila mtu yuko jikoni saa ile ile. Msijaribu kuufanya mwaka mzima uwe Ramadhani. Jiko la kujitolea haliuawi na ukosefu wa mchele. Linauawa na uchovu wa wanawake wawili au watatu wanaobeba kila kitu mpaka siku moja wanaacha kuja. Chagueni siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na msikose hata moja. Wapishi wawe wawili kwa siku, wabebaji wanne, na mmoja wa akiba kwa siku ambayo mtoto wa mtu amepatwa na homa. Siku nne zilizobaki kila mlango utafutiwe jirani wa sahani, yaani nyumba iliyo karibu ambayo imekubali kwa jina, tena kwa siku iliyotajwa, kupakua sahani moja zaidi. Hilo si geni kwetu. Sahani zimekuwa zikipita katika vichochoro vya Lamu tangu zama. Kinachotakiwa ni mtu wa kuziandika, ili Jumanne zisimfikie bibi mmoja sahani tatu na mwenziwe wa pili yake alale na njaa.

Ninasisitiza siku na saa kwa sababu ya jambo lililotupata sisi. Mwaka wetu wa pili, Jumatano moja, kuni zilikuwa mbichi na sufuria ikachelewa saa mbili. Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani alikuwa amejidunga insulini saa sita, akijua chakula chetu hufika saa sita na nusu. Mbebaji alimkuta saa nane na nusu yuko sakafuni, jasho linamtiririka, anatetemeka, hamtambui mtu aliyezoea kumwona kila wiki. Alikuwa bado anaweza kumeza, akanyweshwa maji ya sukari kidogo kidogo, akazinduka. Alipona. Lakini tangu siku ile nilielewa kwamba tulikuwa tumeshaingia ndani ya matibabu yake bila kujua. Mtu anayejua chakula hakiji hujipangia. Aliyeahidiwa hukingoja, na huku dawa inafanya kazi.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, jueni nani ana sukari na anatumia dawa gani. Insulini, na vidonge vya namna ya glibenklamidi, vinashusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Wenye dawa hizo wapelekewe wa kwanza, na wafundishwe kungoja chakula kiwe mbele yao ndipo wadunge au wameze, ikiwa ndivyo walivyoelekezwa kliniki. Wekeni katika nyumba zao kifurushi cha tende na sukari ya dharura. Mkimkuta mtu hawezi kumeza au hazinduki, msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Pikeni chakula cha mchana. Najua futari imewazoesha jioni, lakini mchana wabebaji hupita kweupe, kizunguzungu cha mtu mzima huonekana, na kikizidi chakula kuna nyumba za kukila saa ile ile. Pamoja na sahani ya mchana mtie kitu kikavu cha jioni: mkate wa mofa, andazi, ndizi mbivu, tende.

Vipimo nitakupa vya sahani 20, maana hao 13 wana wanaowauguza, na hao nao hula. Mchele kilo mbili hadi mbili na nusu, pojo (choroko) au kunde kavu kilo moja na robo, nazi sita kwa wali na mboga pamoja, na mchicha au matembele ya kutosha kila sahani kupata upawa mzima. Ukipika samaki badala ya pojo, hesabu kilo mbili za mnofu baada ya kutoa miiba. Panga mwaka kwa bahari. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, samaki huwa wengi na bei hushuka. Kusi ikishika, jiko lisimame juu ya kunde, pojo na mbaazi, na wala msione haya kwa hilo. Mbaazi za nazi zina lishe ya kweli, na wengi wa watu wazima wanazipenda kuliko nyama wasiyoweza kuitafuna.

Meno ndilo jambo ambalo wapishi wazuri hulisahau. Tulikuwa na bibi aliyekuwa akirudisha mkebe nusu kila siku, tukadhani hapendi mapishi yetu. Hakuwa na meno hata moja, na alikuwa anaona aibu kusema. Tukampikia bokoboko, ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikalainika, mkebe ukarudi mtupu. Bokoboko, wali wa maji mengi, ndizi za nazi zilizopondwa, uji mzito wa wimbi wenye maziwa: vyakula hivi wekeni katika mzunguko wa kawaida, wale wenye meno nao wavile, ili asiwepo anayepewa "chakula cha mgonjwa".

Mwenye kiharusi ana jambo jingine. Koo lake huenda limelegea, na kitu chepesi kama maji au mchuzi mwepesi humpita upande usio wake, kikaingia mapafuni. Chakula kizito kidogo humezeka vizuri zaidi. Alishwe ameketi wima, kijiko kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokula, au sauti ikawa kama ina maji ndani, hiyo ni habari ya daktari, msiichukulie kuwa ni kawaida ya ugonjwa.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Kwa sahani 20 za mlo mmoja msipite vijiko saba vya chai vilivyosawazishwa, na mkitia vile vidonge vya kukolezea mchuzi mjue ni chumvi pia, mpunguze. Ladha itoke kwenye ndimu, ukwaju, dania na kitunguu saumu. Ng'onda na papa mkavu ni vitamu mno, lakini mwenye presha au maradhi ya figo asipelekewe, hata kama mmemloweka na kumwaga maji mara mbili. Na wa figo anayesafishwa damu msimpangie chakula nyinyi. Mwuguzi wake ana orodha yake.

Sasa nije kwenye linaloniogopesha kuliko yote, nalo ni chakula chenyewe kuwa sumu. Mtu mwenye afya akiharisha siku mbili hupona. Mtu wa miaka 80 anayemeza vidonge vya presha huweza kufa.

Wa kwanza ni wali. Mchele mkavu una vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukishaiva na kuachwa ukipoa polepole ndani ya sufuria kubwa, mbegu huamka, huzaana, na kutoa sumu ambayo ukiupasha moto tena kesho haiondoki. Mtu hutapika ndani ya saa moja hadi sita. Tui nalo huchacha upesi katika joto letu. Najua kiporo cha wali wa nazi na chai ya asubuhi ni utamu wa utotoni mwetu sote, nami nimekulia juu yake. Katika jiko la wagonjwa kiporo hakina nafasi. Kilichoiva kitoke jikoni kikiwa na mvuke, na kiliwe kabla ya saa mbili kupita tangu kitoke motoni. Kinachobaki sufuriani kigawiwe watoto wa jirani wakakila papo hapo, kabla ya muda huo kupita. Na mkiona kinabaki kila siku, pikeni kidogo zaidi.

Wa pili ni samaki. Nguru, jodari na vibua wakikaa juani bila barafu hufanya histamini katika nyama yao, na hiyo hata ukaange hata uchemshe haitoki. Aliyekula huona uso umewiva, mwili unamuwasha, kichwa kinamgonga, pengine ulimi unachonyota kama aliyelamba pilipili. Nunueni asubuhi mashua zinapoingia, au kwa muuzaji mwenye barafu ya kweli. Samaki wa bei ya jioni msimlete. Changu na tasi hawana tatizo hilo la histamini, ila wana miiba, na mtu asiyeona vizuri akiwa peke yake na mwiba kooni ni msiba. Tasi mchambueni nyinyi, kwa vidole, kabla ya kupakua.

Mpishi mwenye kidonda mkononi asiguse chakula siku hiyo. Aliyeharisha akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu tumbo litulie, na asilaumiwe kwa kukosa zamu. Buibui na leso zenye ncha zinazoning'inia zibaki mlangoni, mafiga ya kuni hayana huruma na vitambaa vya nailoni. Anayeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msimpake dawa ya meno wala yai.

Kubeba chakula Lamu ni rahisi kuliko miji mingi, na hilo mlitumie. Hakuna magari ya kukwama nayo, na mji unaukata kwa miguu. Gawanyeni milango 13 katika njia mbili, moja ya Langoni na ya pili ya kuelekea Mkomani, kila njia isizidi milango saba. Waingereza walipoanza kazi hii wakati wa vita, mwaka 1943, wanawake wa kujitolea walikuwa wakisukuma vyakula vya wazee katika vigari vikuukuu vya watoto, wamevifukia kwenye nyasi kavu visipoe. Nyinyi mna hotpoti. Itieni maji ya moto kwanza dakika tano, myamwage, ndipo mpakue. Ifungeni kwa leso nene na kuitia kapuni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na hata kabla ya marufuku haikufaa kutiliwa mchuzi wa moto. Kila nyumba iwe na mikebe miwili ya stili, iliyofungwa uzi wa rangi yake: mmoja unaingia, wa zamu iliyopita unatoka.

Chakula kisiachwe dakani, pale mlangoni. Mbebaji apige hodi, apande, amwone mtu kwa macho yake, akae dakika tano. Hizo dakika tano, mwanangu, ndizo zilizonifanya niipende kazi hii. Mbebaji ndiye anayeona kwamba chakula cha juzi hakikuguswa, kwamba miguu imevimba, kwamba bibi aliyekuwa akizungumza sana leo anataja majina ya waliokufa kana kwamba wako chumbani. Ayaeleze kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu hawa mikoba yenye vipimo vya sukari na presha, na wana orodha ya nyumba wanazozipitia. Mketi nao kabla ya kuanza, huenda wana majina ambayo nyinyi hamnayo. Wabebaji wapite wawili wawili, kwa mwanamke anayekaa peke yake waende wanawake, na asiwepo wa kushika kitambulisho au namba ya siri ya simu ya mtu mzima yeyote, hata akiombwa kwa nia njema.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Muwe na daftari moja, kila shilingi iandikwe, na mara moja kwa mwezi lisomwe mbele ya wachangiaji wote. Sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, nanyi mko 11, basi jisajilini katika ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Wapishi wakapimwe wapate cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hufanywa upya kila miezi sita.

Ila msiegemee mfadhili mmoja. Sudani, tangu vita vilipozuka Aprili 2023, vijana na wanawake wa mitaa wamekuwa wakilisha watu kwa majiko ya kujitolea, wengine wakiyaita takaya kwa jina la zamani. Ni kazi kubwa kuliko yote niliyoisikia katika zama zetu. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mamia ya majiko hayo yalifungwa, na watu hawakuwa wameacha kuona njaa. Nyumba 30 zinazotoa kibaba cha mchele kila wiki zina nguvu kuliko hundi moja. Na atakayetoa pesa akitaka picha za watu wazima wakipokea sahani, mrudishieni pesa zake kwa adabu. Apigwe picha ya sufuria.

Nimebakisha mikono. Mmesafiri barabara ya Nairobi, nadhani mmewahi kupita Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Msafiri yeyote hula pale bure, na akitaka huinuka akaosha sahani pamoja na wenyeji. Nimekula pale mara mbili, na kilichonigusa ni kwamba huwezi kumjua aliyetoa na aliyepewa. Kwetu tuna kula kikoa, kila mmoja na zamu yake ya kuleta, na asiye na cha kuleta huleta kazi. Yule mama aliyekatwa mguu mikono yake mizima. Mpelekeeni pojo achague mawe, mpelekeeni vitunguu saumu amenye, mlipeni heshima ya kuwa mmoja wa wapishi. Tulikuwa na mzee asiyeona aliyekuwa akitukunia nazi, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia pale pale chumbani kwake, na siku tuliyomwambia apumzike alikasirika wiki nzima. Wengine mikebe yao itarudi na ndimu mbili ndani, au asumini zilizofungwa kwa uzi, maana kwetu sahani hairudi tupu. Zipokeeni. Msiseme "ungejiwekea".

Kabla ya kununua mchele wowote, Jumapili hii piteni milango 13, wawili wawili, na daftari. Muulize meno, dawa, kumeza, nani analala naye usiku, na siku gani jirani tayari humletea kitu. Mkimaliza niandikieni, tupange pamoja chakula cha wiki nne za mwanzo.